Kunoa Picha ya Ndege: Uhakiki wa Neno na wa Kazi Yenyewe

Mpigapicha wa ndege arudipo kutoka msituni, kazi yake huwa imefika nusu tu. Nusu iliyobaki hufanyika mbele ya kompyuta, kwa programu za namna ya Photoshop na Lightroom, na katika nusu hiyo hapana jambo libishaniwalo kama lile ambalo mtu atakaye kulitaja kwa Kiswahili hukimbilia neno moja: kunoa. Picha imefifia kidogo, manyoya hayaonekani moja moja, jicho la ndege limekuwa kama limeoshwa kwa maji. Basi picha hunolewa, na manyoya yakatoka. Neno lapendeza. Kila ajuaye kisu na jiwe la kunolea ajua maana yake pasipo kuelezwa.

Lakini kisu kinaponolewa chuma hupungua. Makali yatokeayo ni ya chuma kile kile kilichokuwapo tangu awali. Mnoaji hakuongeza kitu, alichofanya ni kuondoa kilichozidi. Katika picha mambo huenda kinyume. Kila kinachoitwa kunoa huongeza jambo ambalo kamera haikuliandika, na kwa kuwa neno lenyewe lasema vingine, mwenye picha hujiona hana la kuulizwa. Kwa hiyo neno hili lastahili kuchunguzwa pamoja na kazi linayoitaja, maana picha ya ndege si pambo tu. Mara nyingi ni ushahidi. Kwa picha moja ndege huandikwa katika orodha ya nchi, au hufutwa katika orodha ya walio hai.

Yapasa kwanza kuondoa dhana moja iliyoenea, ya kwamba iko picha safi isiyoguswa, ambayo mhariri huja kuichafua. Haipo. Katika kamera nyingi za siku hizi kihisi kipokeacho nuru kimefunikwa vichujio vidogo vya rangi kwa mpango uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, ambaye hataza yake ilitolewa mwaka 1976. Katika kila vituo vinne vya nuru, viwili hupima kijani, kimoja chekundu na kimoja buluu. Kila kituo basi hupima rangi moja tu, na zile mbili zilizosalia hukadiriwa kwa hesabu kutoka kwa majirani. Maana yake ni kwamba katika picha ya rangi, kila namba tatu, mbili hazikupimwa kamwe, zilikisiwa. Zaidi ya hayo, kamera nyingi zimewekewa mbele ya kihisi utando mwembamba ambao kazi yake ni kuitia nuru ukungu kidogo kwa makusudi, ili mistari myembamba iliyo karibu karibu, kama ile ya manyoya, isizae michoro ya uongo. Picha ghafi itokayo hapo ni laini kwa asili yake, na kuikoleza kiasi ni kurudisha kile ambacho mtambo wenyewe uliondoa.

Tena, mpigapicha akichagua kuhifadhi picha zake katika faili za JPEG, kamera huzikoleza yenyewe kabla ya kuziandika. Yule ajisifuye kwamba hakuihariri picha yake amemwachia uhariri mhandisi wa kiwandani, ambaye hakupata kumwona ndege huyo wala hajui kama alikuwa kivulini au juani.

Wala jicho la mwanadamu silo shahidi asiye na hila. Ernst Mach alionyesha mwaka 1865 kwamba mahali nuru inapogeuka ghafula kuwa giza, jicho huona upande wa giza umezidi giza na upande wa nuru umezidi nuru, ingawa kipimo hakionyeshi hivyo. Jicho hukoleza kingo ili mtu aone mpaka wa vitu. Programu za picha hufanya lile lile, isipokuwa huliandika.

Njia kongwe ya kufanya hivyo ilianza katika vyumba vya giza, zamani za filamu, na jina lake katika lugha za Ulaya huwashangaza wanafunzi, kwa kuwa lataja kifuniko chenye ukungu na hali kusudi lake ni kuondoa ukungu. Sababu ni hii: fundi alikuwa akitengeneza nakala hafifu ya picha, nakala isiyo na makali, akaibandika pamoja na ile asili, kisha akachapa zote mbili kwa pamoja. Yale yaliyokuwa sawa katika nakala mbili yalipunguzana. Yale yaliyotofautiana, yaani kingo, yakabaki yamejitokeza. Kompyuta hufuata njia hiyo hiyo. Huifanya nakala yenye ukungu, huitoa katika picha ya asili, na tofauti ipatikanayo huizidisha na kuirudisha juu ya picha.

Mfano mdogo watosha. Tuseme bawa la kijivu lenye namba 100 limepakana na shingo yenye namba 150. Baada ya kukolezwa, ukingo wa bawa hushuka ukawa 90 na ukingo wa shingo hupanda ukawa 160. Tofauti iliyokuwa 50 sasa ni 70, na jicho huhukumu kwamba mpaka umekuwa mkali. Hakuna unyoya mpya ulioonekana. Mpaka ule ule umepigiwa mstari.

Katika kazi hii mhariri hushika mambo matatu: kiasi cha kukoleza, upana wa ukingo utakaoguswa, ambao hupimwa kwa nusukipenyo, na kizingiti, yaani tofauti ndogo kabisa ambayo chini yake programu huacha mambo yalivyo. La pili ndilo liwashindalo wengi. Unyoya una uti wake wa katikati, na kutoka katika uti hutoka nyuzi, na kila uzi una vijinyuzi vyenye vikulabu vinavyoshikana. Katika picha nzuri iliyopigwa kwa karibu nyuzi hizo huwa na upana wa pikseli moja au mbili. Nusukipenyo cha pikseli moja au chini yake huzitenga. Nusukipenyo cha pikseli tatu au nne hakizitengi tena. Huzikusanya, na kuzunguka mwili wote wa ndege hutokea utepe mweupe, kana kwamba amekatwa kwa mkasi na kubandikwa juu ya anga. Utepe huo ndio alama ya kwanza mhakiki aitafutayo, na mahali pa kuutafuta ni mgongoni mwa ndege mweusi aliyesimama mbele ya mbingu.

Alama ya pili haiko kwenye ndege bali nyuma yake. Lenzi ndefu zitumikazo kwa ndege huiacha nyuma ya ndege iwe ukungu mtupu, na hilo ni jambo zuri. Lakini ndege wengi hupigwa alfajiri au chini ya miti, na nuru ikiwa chache kamera huandika chengachenga pamoja na picha. Mtu akiikoleza picha nzima bila kuchagua, chenga hizo hukolezwa pia, na ukungu uliokuwa kama hariri huwa kama mchanga. Kwa hiyo wahariri wenye uzoefu hupunguza chenga kwanza, kisha hufunika sehemu ya nyuma na kumkoleza ndege peke yake, tena si sawasawa mwilini kote. Kichwa na jicho hupewa zaidi. Tumbo lenye manyoya laini huachwa. Kukoleza kwa mwisho huja baada ya picha kupunguzwa kwa ukubwa itakaotumika, na karatasi hutaka zaidi kuliko kioo cha kompyuta, kwa kuwa wino hutawanyika kidogo katika karatasi. Mhariri asiyejua hayo huona picha yake nzuri kwenye kioo ikawa butu kitabuni, naye humlaumu mpigachapa.

Yote hayo ni ufundi, na kosa katika ufundi huonekana. Ndege aliyekolezwa kupita kiasi hufanana na ndege wa bati: kila unyoya una makali, hata ule ambao kwa asili yake ni sufi, jicho lang'aa kama shanga, na mtazamaji huchoka asijue sababu. Ladha ya namna hiyo imeenea kwa kuwa picha nyingi hutazamwa sasa kwenye kioo kidogo cha simu, kwa sekunde moja au mbili, na lililokolezwa mno ndilo liitalo macho. Mwenye picha amejiharibia kazi yake, lakini hajamdanganya mtu. Utepe mweupe wajitangaza wenyewe.

Hatari haiko hapo. Iko katika kazi nyingine mbili ambazo kwa bahati mbaya hubeba jina lile lile la kunoa.

Ya kwanza ni hesabu ya kuurudisha ukungu nyuma. Ikiwa yajulikana jinsi nukta moja ya nuru ilivyotawanywa na lenzi au na mtikisiko wa mkono, yawezekana kukisia picha ilivyokuwa kabla ya kutawanywa. Njia mashuhuri ya kufanya hivyo ilielezwa na William Richardson mwaka 1972 na Leon Lucy mwaka 1974, kila mmoja kwa njia yake. Wanajimu waliitumia sana baada ya mwaka 1990, darubini ya Hubble ilipopelekwa angani ikaonekana kwamba kioo chake kilisuguliwa kwa kipimo kisicho sahihi; hata kilipopata kurekebishwa mwezi wa Desemba 1993, picha zake zilikuwa zikisafishwa kwa hesabu hizo. Kazi hii ni ya haki. Hurudisha kilichokuwapo, kwa kanuni inayoweza kuandikwa na kukaguliwa. Kasoro yake ni kwamba hukuza chenga pia, na mtu akiirudia mara nyingi mno huanza kuona nyota zisizokuwapo.

Ya pili ni ya juzi juzi, na ndiyo iliyoleta mashaka. Ziko sasa programu ambazo hazikuandikiwa kanuni ya ukingo wala ya ukungu. Zimefunzwa kwa kuonyeshwa wingi wa picha, kila moja katika hali mbili, safi na iliyofifizwa, mpaka zikajua ni nini ambacho kwa kawaida hufuata ukungu wa namna fulani. Zikipewa ndege aliyefifia, hutoa ndege mwenye nyuzi za unyoya zilizopangika barabara. Mtu akitazama hukubali mara moja. Hapana utepe mweupe, hapana mchanga. Lakini nyuzi zile hazikutoka kwa ndege yule; zilitoka katika kumbukumbu ya mtambo, ambayo ni kumbukumbu ya ndege wengine. Zinaaminika kwa sababu ni za kawaida.

Wasomaji wa miswada ya tenzi wamekwisha kulijua jambo hili kwa jina jingine. Kiswahili kimetumia neno kuhariri kwa maandishi na kwa picha pia, na hakikukosea. (Neno lenyewe ni la Kiarabu, na shina lake ndilo lililotupa pia huru na uhuru, mhariri kwa asili ya neno ni mwenye kukomboa.) Mswada wa kale uliofifia wino hufikiwa kwa njia tatu zile zile. Yuko mwenye mswada achukuaye kalamu na kupitisha wino mpya juu ya herufi za zamani, ili zisomeke. Huyo amekoleza kingo. Akiwa mwangalifu amefanya hisani. Asipokuwa mwangalifu ataweka nukta moja juu ya herufi iliyokuwa na mbili, na herufi za Kiarabu kwa nukta hubadilika. Yuko mtaalamu apigaye mswada kwa nuru ya namna nyingine, wino uliokufa ukaonekana tena. Huyo amerudisha kilichokuwapo. Na yuko wa tatu, mjuzi wa tungo, aliyezijaza kichwani mwake beti elfu, ambaye akikuta kipande kilicholiwa na mchwa hutunga kipande kingine chenye mizani kamili na kina mahali pake, na maana inayofaa.

Huyo wa tatu ndiye wa kuogopwa, na huogopwa zaidi kadiri ustadi wake ulivyo mkubwa. Mjinga akijaza pengo, mizani hulia na kila mtu husikia. Stadi akijaza, hapana mtu atakayejua, na baada ya nakala mbili tatu kipande chake kitanukuliwa kuwa ni cha mshairi. Ndiyo sababu desturi ya wahariri wa miswada ni kutia nyongeza yao ndani ya mabano, na kusema mwishoni ni neno gani lililokuwamo katika kila nakala. Picha haina mabano. Unyoya uliopimwa na unyoya uliobuniwa hukaa ubavu kwa ubavu katika rangi moja.

Kisa kimoja cha Marekani chaonyesha uzito wa jambo hili, ingawa kilitokea kabla ya programu hizo za kujifunza kuenea. Katika misitu ya kinamasi ya kusini ya nchi hiyo aliishi kigogota mkubwa, ambaye kwa Kilatini huitwa Campephilus principalis, mwenye mdomo mweupe wa rangi ya pembe ya ndovu. Hapa na aitwe kigogota-pembe. Misitu ilikatwa, naye akatoweka. Arthur Allen wa chuo kikuu cha Cornell na wenzake walimpiga picha na kuinasa sauti yake Louisiana mwaka 1935, na kuonekana kwake kwa mwisho kulikokubaliwa na wote nchini humo ni kwa mwaka 1944. Katika misitu ile ile yuko kigogota mwingine, Dryocopus pileatus, mwenye shungi jekundu. Ukubwa wao hauachani sana. Tofauti iliyo muhimu kwa mtazamaji wa mbali ni moja: kigogota-pembe ana weupe mpana nyuma ya bawa, juu na chini, kigogota-shungi ana weupe chini ya bawa upande wa mbele, na nyuma ya bawa lake ni peusi.

Tarehe 25 Aprili 2004 David Luneau alikuwa katika mtumbwi kwenye kinamasi cha Bayou DeView, Arkansas, na kamera yake ya video ilikuwa ikienda. Ndege mkubwa akaruka kutoka nyuma ya shina la mti akaenda zake. Alionekana kwa muda wa sekunde nne hivi, mbali, mdogo, tena hakuwamo katika fokasi. Mwaka uliofuata John Fitzpatrick wa Cornell na wenzake walitangaza katika jarida la Science kwamba kigogota-pembe yungali hai, na pamoja na ushahidi wa watu waliomwona walitoa vipande vya video hiyo. Habari ikaenea dunia nzima, na watu wazima walilia kwa furaha.

Hapo ndipo kazi ya kuhariri ikawa kiini cha mashauri. Video ya namna ile haikuandika picha nzima kwa mara moja. Iliandika nusu za picha, sitini kwa kila sekunde, nusu moja ikiwa na mistari ya shufwa na nyingine ya witiri, zikifumwa pamoja. Bawa la ndege arukaye halikai mahali pamoja kati ya nusu mbili. Kwa hiyo ilibidi zifumuliwe, mistari iliyokosekana ijazwe kwa makisio, kisha picha ikuzwe. Ndege mwenyewe alichukua pikseli chache tu. Mwisho wa kazi ilionekana bawa lenye weupe nyuma.

David Sibley, mchoraji na mtaalamu mashuhuri wa kutambua ndege, pamoja na wenzake watatu, walijibu katika jarida lile lile mwezi wa Machi 2006. Walisema weupe ule ni wa chini ya bawa la kigogota-shungi, lililopinda katika kuruka, na kwamba ukingo mweusi wa nyuma ulimezwa na ukungu wa picha. Kundi la Fitzpatrick likajibu kwamba haiwezekani. Mwaka 2007 Martin Collinson wa chuo kikuu cha Aberdeen, Scotland, alifanya jambo ambalo kila mhakiki wa maandishi angelisifu: alichukua video za kigogota-shungi asiye na shaka, akirukaye kwa hofu, akaonyesha kwamba katika ukungu wa namna ile ukingo mweusi huweza kupotea na bawa likaonekana jeupe nyuma. Yaani alimpa mnakili maandishi yajulikanayo, ili aone mnakili huyo hukosea wapi.

Hapana aliyesema uongo katika kisa hiki, na jambo hilo yafaa lisisitizwe, kwa sababu wengi walikisimulia kama hadithi ya aibu. Waliotangaza waliitoa video ipate kutazamwa na wengine, na kwa kuwa ilitolewa, hoja ya Sibley na jaribio la Collinson viliwezekana. Upande ulioonekana kushindwa ndio ulioweka mlango wazi. Watafutaji waliendelea kuingia kinamasini kwa misimu kadhaa, wala hawakurudi na picha iliyo wazi. Mwezi wa Septemba 2021 idara ya wanyamapori ya serikali ya Marekani ilipendekeza ndege huyo aandikwe kuwa amekwisha. Mwezi wa Mei 2023 Steven Latta na wenzake walichapisha picha na video nyingine kutoka Louisiana, nazo pia zina ukungu. Na mwezi wa Oktoba 2023, idara ilipowaondoa viumbe 21 katika orodha kwa kuwa wametoweka, kigogota-pembe hakuwamo miongoni mwao. Sheria imlindayo ndege, na mti anaolala ndani yake, husimama au huanguka kwa hukumu ya namna hiyo. Weupe wa upana wa pikseli mbili tatu si jambo dogo.

Sasa na iulizwe: ingelikuwaje lau kipande kile cha video kingelitiwa katika programu ya kujifunza? Programu hujua tu ilichoonyeshwa. Picha za kigogota-shungi zilizo safi ni nyingi mno. Picha ya kidijitali ya kigogota-pembe iliyo wazi na kukubaliwa na wote haipo hata moja. Ikipewa bawa lisilojulikana, programu haina budi kulielekeza kwenye lile ilijualo. Ndege akiwa wa kawaida, itakuwa imebahatisha kweli. Akiwa yule adimu, yaelekea itamvika manyoya ya jirani yake, kwa uzuri na utulivu mkubwa, na ushahidi pekee utakuwa umefutwa na chombo kilichoitwa kuuonyesha.

Wanakili wa tenzi walifanya hivyo hivyo. Mshairi wa kaskazini aliandika nyuni. Mnakili wa Unguja, ambaye siku zote husema ndege, akaandika ndege. Maneno yote mawili yana mizani mbili. Likiwa katikati ya kipande, mbali na kina, hapana sikio litakaloshtuka, na lahaja ya mshairi imepotea mahali hapo milele, isipokuwa nakala nyingine ipatikane. Neno adimu hugeuzwa kuwa la kawaida, na ni nadra la kawaida kugeuzwa kuwa adimu. Ndiyo maana wahakiki wa maandishi hushika kanuni ya kwamba, nakala mbili zikitofautiana, neno gumu lina haki zaidi ya kuwa ndilo la asili. Mtambo uliofunzwa kwa wingi wa mifano huishika kanuni hii kichwa chini.

Yapo mashindano ya picha ambayo yamekwisha kutambua hatari hii kwa kadiri yake. Lile la Wildlife Photographer of the Year, liendeshwalo na makumbusho ya Natural History Museum ya London, huwadai wafikao mbali watoe faili ghafi ya kamera, ili waamuzi walinganishe. Ni kama kudai mswada. Lakini picha nyingi zitumiwazo kama ushahidi wa ndege hazipiti mbele ya waamuzi wa namna hiyo. Hutumwa zikiwa zimekwisha kukolezwa, zimepunguzwa, na faili ghafi imefutwa ili kuacha nafasi. Katika msitu wenye kivuli kama Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, ambako nuru ni chache na chenga ni nyingi, mpigapicha wa ndege mdogo mwenye michirizi kifuani hana budi kupunguza chenga. Na mchirizi na chenga vikiwa na upana mmoja, mtambo ndio utakaoamua kipi ni kipi. Mpokeaji wa picha hiyo ana haki ya kuambiwa ni mtambo gani, na ulipewa ruhusa kiasi gani.

Lugha yaweza kusaidia hapa kuliko inavyodhaniwa. Maadamu kazi tatu zina jina moja, mtu aweza kuifanya ya tatu na kudai ni ya kwanza, tena bila kujua. Kiswahili hakikosi maneno. Kazi ya kuongeza tofauti ya giza na nuru mpakani ni kukoleza, kama vile rangi inavyokolezwa, au wino uliofifia. Mwenye kukoleza hujua kwamba ameongeza, na pia kwamba kilichokolezwa kilikuwapo. Kazi ya kuurudisha nyuma ukungu wa lenzi au wa mtikisiko ni kutakasa, au, kwa asiyependa neno zito, kusafisha ukungu. Kazi ya mtambo uliofunzwa ni kujaliza: pengo lilikuwapo, nalo limejazwa kwa kitu kutoka mahali pengine. Kunoa na kubaki kwa kisu na shoka, na kwa akili, ambayo wazee husema hunolewa pia, kwa kupunguzwa upuuzi uliozidi. Picha yaweza kunolewa kwa maana hiyo ya kweli, kwa kukata kingo zake ili kitawi kisichohitajika kitoke. Wapigapicha hufanya hivyo kila siku, wala hawakuiita kazi hiyo kunoa.

Huenda ikasemwa kwamba neno kunoa limekwisha kuzoeleka, na kwamba lugha haiamriwi. Ni kweli, na mahali pa mazungumzo halina madhara. Madhara ni katika maelezo yaandikwayo chini ya picha iliyotolewa kama ushahidi, katika kitabu cha ndege, katika ripoti ya makumbusho, katika faharasa ya istilahi itakayoandikwa kesho. Hapo mstari mmoja watosha: picha imekolezwa, au, imetakaswa, au, imejalizwa, na faili ghafi imehifadhiwa mahali fulani. Mstari huo hauchukui nafasi kubwa kuliko mabano mawili.